Kupanga Nyumba Ukiwa Mgeni Nchini: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni majibu kwa mtu aliyehamia, au anayekaribia kuhamia, nchi asiyoijua na anatafuta nyumba ya kupanga. Sheria za upangaji hutofautiana nchi na nchi, wakati mwingine hata jimbo na jimbo, kwa hiyo mifano iliyomo humu ichukue kama dokezo la mambo ya kuuliza huko uendako. Kama huna muda wa kusoma yote, usiruke swali la utapeli na lile la dipoziti, yaani amana unayomwekea mwenye nyumba hadi utakapohama. Hapo ndipo hela za wageni zinapopotelea.

Nitafute nyumba kabla sijasafiri, au nisubiri nifike?

Anza kutafuta mapema ili uzijue bei na mitaa, ila mkataba mrefu usaini ukishaiona nyumba. Kwa maoni yangu hakuna ushauri unaookoa watu wengi kuliko huu: pata kwanza mahali pa muda, pa mwezi mmoja hadi mitatu, halafu utafute nyumba ya kudumu ukiwa umetulia. Inaweza kuwa bweni la chuo, nyumba ya mwajiri, chumba kwa ndugu aliyetangulia au chumba katika nyumba ya kushirikiana. Huenda gharama ikawa kubwa kidogo, lakini mtu asiyejua wiki ijayo atalala wapi husaini chochote anachowekewa mbele yake, na wanaopangisha hulitambua hilo mara moja.

Unapochagua hapo pa muda, kuna swali ambalo wengi hulisahau: je, naruhusiwa kusajili anwani hii? Ujerumani unatakiwa kusajili makazi ndani ya wiki mbili tangu uhamie, na mwenye nyumba anapaswa kukupa karatasi inayothibitisha kwamba unaishi pale. Usipokuwa na usajili huo, mambo mengine yanakwama nyuma yake, kuanzia namba ya mlipakodi hadi akaunti ya benki. Uholanzi nako, anayekuja kukaa zaidi ya miezi minne hujisajili manispaa kwa anwani anayoishi. Ukiona tangazo linasema usajili hauruhusiwi, liache, labda kama unakaa siku chache tu.

Bei iliyo kwenye tangazo ndiyo nitakayolipa kila mwezi?

Mara nyingi siyo. Uliza kilichomo na kisichomo: maji, umeme, gesi, joto la nyumba, takataka, intaneti, ulinzi, maegesho. Wajerumani hutenganisha kabisa kodi tupu na kodi iliyojumlisha gharama za jengo na joto, na tofauti ya hizo mbili si ndogo. Hata ile ya pili kwa kawaida haigusi umeme wa ndani kwako.

Angalia pia kipindi. Australia, na mara nyingi Uingereza, bei hutajwa kwa wiki. Wengi huzidisha kwa nne na kujidanganya. Mwaka una wiki 52, kwa hiyo zidisha kwa 52 kisha gawanya kwa 12: nyumba ya 300 kwa wiki ni 1,300 kwa mwezi, siyo 1,200. Dubai bei hutajwa kwa mwaka mzima na kwa desturi hulipwa kwa hundi za tarehe za mbele. Idadi ya hundi ni sehemu ya majadiliano, na hundi ikikosa fedha siku yake ikifika unaingia kwenye matatizo makubwa, basi usikubali hundi chache kubwa kwa sababu tu bei imeshushwa kidogo.

Halafu kuna suala la nyumba tupu. Ujerumani ni jambo la kawaida kupanga nyumba ambayo jikoni hakuna jiko wala makabati, hata sinki. Uholanzi unaweza kukabidhiwa nyumba isiyo na zulia wala tabaka la juu la sakafu, maana mpangaji aliyetoka ameondoka navyo. Usidhani. Uliza.

Niwe na akiba kiasi gani kabla ya kuhamia?

Jumlisha kodi ya mwezi wa kwanza, dipoziti, ada ya dalali kama ipo, na fedha za kununua kitanda na vyombo. Miezi mitatu hadi minne ya kodi ni makadirio ya busara kwa sehemu nyingi. Japani inaweza kuzidi hapo, kwa kuwa juu ya dipoziti nyumba nyingi zina malipo ya shukrani kwa mwenye nyumba, ambayo hayarudi, pamoja na ada ya kampuni ya udhamini.

Nyaraka gani huombwa?

Pasipoti, viza au kibali cha ukaazi, mkataba wa kazi au barua ya udahili, uthibitisho wa kipato, na barua ya mwenye nyumba wa zamani kama unayo. England, ambayo ni sehemu moja tu ya Uingereza, mwenye nyumba analazimika kisheria kuhakikisha kwamba una haki ya kupanga kutokana na hali yako ya uhamiaji, kwa hiyo akiomba kuiona usione kama anakudhalilisha. Weka kila kitu katika faili moja la PDF, lenye jina linaloeleweka. Kwenye miji yenye ushindani, mtu anayetuma nyaraka kamili saa ile ile ndiye anayeitwa.

Lakini usitoe kila kitu unachoombwa. Ufaransa sheria imeorodhesha nyaraka ambazo mwenye nyumba anaweza kudai, na taarifa ya akaunti ya benki haimo, wala cheti cha rekodi ya jinai. Popote ulipo, kabla hujatuma nakala ya pasipoti, andika juu yake kwa herufi zinazoonekana: "Kwa maombi ya nyumba tu", na tarehe. Nakala safi ya pasipoti mikononi mwa tapeli hutumika kuwaibia wengine kwa jina lako.

Sina historia ya mkopo wala mdhamini katika nchi hii. Nifanyeje?

Hili ndilo lalamiko nilisikialo zaidi, na lina mantiki ya kikatili: mfumo unakutaka uthibitishe ulivyoishi mahali ambapo hujawahi kuishi. Marekani watakuuliza alama za mkopo, yaani namba inayoonyesha unavyolipa madeni, Ujerumani watakuuliza taarifa ya Schufa, kampuni inayotunza rekodi za aina hiyo. Ukiwa umetua juzi, huna.

Anza na unachoweza kukionyesha. Mkataba wa kazi wenye mshahara ulioandikwa hubeba uzito mkubwa, hasa mwajiri akikuandikia barua fupi ya kuthibitisha kwamba ameshakuajiri na kwa muda gani. Wenye nyumba wengi hutaka kodi isizidi theluthi ya kipato chako. Jijini New York kipimo kinachotumika sana ni kipato cha mwaka kisichopungua mara 40 ya kodi ya mwezi. Piga hesabu hiyo mwenyewe kabla ya kuomba, ili usipoteze ada ya maombi kwenye nyumba ambayo hutaipata.

Mdhamini hana lazima awe ndugu. Ufaransa kuna udhamini wa bure uitwao Visale, unaowafaa zaidi vijana wa miaka 18 hadi 30, wakiwemo wanafunzi wa kigeni. Baadhi ya vyuo vikuu huwadhamini wanafunzi wao, na zipo kampuni zinazodhamini kwa ada. Uliza ofisi ya wanafunzi wa kimataifa au idara ya rasilimali watu kazini kabla hujaanza kuhangaika peke yako.

Kuna watakaokushauri ulipe miezi sita au mwaka mzima mbele ili kufidia. Mimi siipendi njia hiyo. Baadhi ya nchi zinaipiga marufuku au kuiwekea kikomo, na hata pale inaporuhusiwa, ukishalipa yote huna tena nguvu ya kudai bomba litengenezwe. Bora uandike barua fupi ya kujitambulisha: wewe ni nani, unafanya kazi gani, mtaishi wangapi, utakaa muda gani. Kwa mwenye nyumba binafsi, barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa vizuri hufungua mlango ambao fomu ya kampuni kubwa ingeufunga. Tafuta wenye nyumba binafsi kwanza, makampuni baadaye.

Nitamtambuaje tapeli?

Soma ujumbe huu. Ukikaa sokoni siku chache utakutana na ndugu yake:

"Asante kwa kuvutiwa na apatimenti yangu. Mimi ni mhandisi, kwa sasa niko nje ya nchi kikazi na familia yangu. Nyumba ilikuwa ya binti yangu aliyekuwa akisoma hapo, kwa hiyo natafuta mtu mstaarabu atakayeitunza, sina haja kubwa na faida. Ukilipa mwezi wa kwanza na dipoziti nitakutumia funguo kwa kampuni ya usafirishaji. Ukiikagua usipoipenda, unarudishiwa hela yako yote."

Kila sentensi hapo ina kazi yake. Uhandisi na familia vinajenga heshima. Binti anaeleza kwa nini nyumba ni nzuri na bei ni ndogo. Kuwa nje ya nchi kunazuia msikutane. Ahadi ya kurudishiwa inakuondolea hofu ya kulipa. Jina la kampuni ya usafirishaji, mara nyingi kampuni ya kweli, linaufanya mpango uonekane una mtu wa kati, ilhali hayupo.

Kanuni yangu ni moja na sijaona sababu ya kuilegeza: hakuna senti inayotoka kabla mtu unayemwamini hajakanyaga ndani ya nyumba na mkataba haujasomwa. Kama bado hujafika, mtume rafiki, mwanafunzi mwenzako au mtu wa jumuiya ya watu wa kwenu. Simu ya video ni bora kuliko picha, lakini haitoshi yenyewe.

Picha za tangazo zitafute kwenye intaneti kwa kupakia picha yenyewe badala ya kuandika maneno. Zikitokea kwenye tangazo la mji mwingine, au la nyumba inayouzwa, umemaliza uchunguzi. Malipo yaende kwa uhamisho wa benki, kwenye akaunti yenye jina lile lile lililo kwenye mkataba. Anayetaka kadi za zawadi, sarafu za kidijitali au hela ya kutumwa kwa mtu wa tatu, achana naye bila maelezo.

Kuna aina nyingine mbaya zaidi, kwa sababu nyumba ipo na unaingia ndani. Tapeli anaikodi kwa siku chache, anaitangaza, anawaonyesha watu wengi na kuchukua dipoziti kwa kila mmoja. Hapa dawa ni kuthibitisha umiliki. England, kwa mfano, yeyote anaweza kulipia ada ndogo na kupata taarifa ya mmiliki kutoka masjala ya ardhi. Kwingineko omba kitambulisho chake na hati au bili yoyote yenye jina lake na anwani ya nyumba hiyo, halafu waulize majirani wawili nani mwenye jengo.

Ukiwa umeshatuma hela, ipigie benki simu dakika hiyo hiyo, kisha toa taarifa polisi na kwenye mtandao uliokuta tangazo. Aibu isikucheleweshe. Saa za mwanzo ndizo zenye matumaini ya kuuzuia muamala.

Nikienda kukagua nyumba, niangalie nini?

Nenda mchana, kisha upite tena mtaani usiku ukiwa peke yako. Mtaa hubadilika jua likizama, na umbali wa kituo cha basi unaoelezwa na dalali ni wa mtu asiye na mizigo.

Ndani, anza na ukungu. Sogeza kabati lililo kwenye ukuta wa nje, chuchumaa kwenye pembe ya chini, uguse: ukuta ukiwa na unyevu au baridi kuliko mwingine, utauona ukungu kabla mwaka haujaisha. Fungua droo na makabati ya chini ya sinki unuse. Rangi mpya kwenye pembe moja tu ya chumba ni jambo la kuuliza, maana mtu hapaki rangi robo ya ukuta bila sababu. Fungua bomba la bafuni na la jikoni kwa pamoja uone kama maji yanapungua nguvu, subiri ya moto yaje kweli, kisha vuta maji ya choo. Jaribu kila dirisha, lifungue na kulifunga. Chaji simu kwenye soketi mbili tatu. Ukiwa hapo hapo angalia mtandao wa simu, hasa vyumba vya chini ya ardhi.

Kwa anayetoka nchi za joto, suala la joto la nyumba lisichukuliwe kirahisi. Uliza linawashwa na nani, kwa nishati gani, na bili ya mpangaji aliyepita majira ya baridi ilikuwa kiasi gani. Nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza zina cheti cha matumizi ya nishati, kwa kawaida chenye madaraja ya herufi, na A ni kati ya yaliyo bora. Ufaransa nyumba za daraja G haziruhusiwi kupangishwa kwa mikataba mipya tangu Januari 2025. Kodi ndogo kwenye nyumba ya daraja la chini huja kulipwa kwa njia ya bili.

Ada ya dalali analipa nani?

Inategemea nchi. Ujerumani tangu mwaka 2015, aliyemwita dalali ndiye anayemlipa, na kwa kawaida ni mwenye nyumba. England tangu Juni 2019 mpangaji hatozwi ada za wakala kwa kuonyeshwa nyumba au kuandikiwa mkataba. Mahali pengine mpangaji hulipa mwezi mzima. Ukitajiwa ada, uliza ni ya nini na uombe risiti.

Mkataba umeandikwa kwa lugha nisiyoijua. Nisaini?

Omba siku mbili. Anayekataa kukupa siku mbili za kusoma karatasi itakayokufunga mwaka mzima amekupa jibu tayari. Programu ya tafsiri kwenye simu itakupa picha ya jumla, lakini vifungu vya muda, notisi, kupanda kwa kodi, matengenezo na makosa mpelekee mtu anayeijua lugha. Miji mingi ina vyama vya wapangaji au ofisi za ushauri kwa wahamiaji zinazosoma mikataba bure au kwa ada ndogo ya uanachama.

Kwenye notisi, soma mara mbili. Ujerumani mpangaji kwa kawaida hutoa notisi ya miezi mitatu, lakini mkataba unaweza kuwa na kifungu kinachowafunga pande zote msiuvunje kwa muda fulani, hata miaka kadhaa. Kwa mtu ambaye kibali chake cha ukaazi ni cha mwaka mmoja, kifungu hicho ni mtego. Omba kiondolewe au kipunguzwe. Na chochote ulichoahidiwa kwa mdomo, kitanda kipya, rangi, friji, kiandikwe.

Dipoziti halali ni kiasi gani, na inakaa wapi?

Ujerumani haizidi kodi tupu ya miezi mitatu, na una haki ya kuilipa kwa awamu tatu. Ufaransa ni mwezi mmoja kwa nyumba tupu, miwili kwa yenye fanicha. England ni wiki tano za kodi kwa nyumba nyingi, na lazima iwekwe kwenye mfuko ulioidhinishwa ndani ya siku 30. Mwenye nyumba asipofanya hivyo, mahakama inaweza kumtoza fidia ya hadi mara tatu ya dipoziti. Jimbo la New York ni mwezi mmoja. Quebec, Kanada, mwenye nyumba haruhusiwi kudai dipoziti kabisa. Majimbo ya Australia huitunza kwenye mamlaka ya serikali, siyo kwa mwenye nyumba.

Tafuta kanuni ya mji wako kabla ya kukaa mezani. Mgeni akitaja kikomo cha sheria kwa upole, mazungumzo hubadilika.

Kila nikitaja jina langu naambiwa nyumba imeshapangwa. Nina haki gani?

Kama unahisi unabaguliwa kwa jina lako, mwombe rafiki mwenye jina la wenyeji wa hapo aulizie nyumba ile ile, siku ile ile. Hifadhi majibu yote mawili. Marekani sheria ya makazi ya mwaka 1968 inakataza kumnyima mtu nyumba kwa rangi, dini au asili yake, na Uingereza ina Sheria ya Usawa ya mwaka 2010. Ujerumani nayo ina sheria kama hiyo tangu 2006. Kesi huchukua muda na si kila mtu ana nguvu ya kuifuata akiwa anatafuta pa kulala, lakini ushahidi utunze, uupeleke kwa shirika linaloshughulikia ubaguzi. Kukataliwa kwa namna hiyo kunaumiza, na si kosa lako.

Mpangaji mwingine anataka kunipangishia chumba chake. Ni salama?

Ni salama kama mwenye nyumba ameridhia kwa maandishi. Uswidi na Ujerumani, kwa mfano, anayepangisha bila idhini anaweza kupoteza mkataba wake, na wewe utaondoka naye. Mkiwa mmesaini mkataba mmoja watu kadhaa, soma kama mnadaiwa kwa pamoja. Ndivyo ilivyo mara nyingi, na mwenzenu akitoroka, sehemu yake mnailipa ninyi.

Siku ya kukabidhiwa funguo nifanye nini?

Kabla hujaingiza begi, zunguka nyumba na mwenye nyumba mkiwa na orodha ya hali ya nyumba, muisaini wote wawili. Piga picha kila mkwaruzo, kila doa la zulia, ndani ya oveni, na namba za mita zote. Zitume kwa barua pepe kwake jioni hiyo hiyo, ili tarehe ijithibitishe yenyewe. Hesabu funguo na uziandike idadi.

Mwenye nyumba hatengenezi kilichoharibika. Nisitishe kodi?

Usisitishe kabla ya kupata ushauri wa mtu anayeijua sheria ya hapo. Katika nchi nyingi kutolipa kodi ndiyo njia ya haraka ya kufukuzwa, hata kama malalamiko yako ni ya haki. Andika barua pepe yenye picha na tarehe, mpe muda maalumu, kisha nenda chama cha wapangaji au manispaa.

Nahama. Dipoziti yangu itarudi lini?

Ufaransa ni ndani ya mwezi mmoja kama nyumba iko kama ulivyoikuta, miwili kama kuna tofauti. Jimbo la New York ni siku 14, California siku 21, pamoja na orodha ya kila kilichokatwa. Uchakavu wa kawaida, kama rangi iliyofifia au zulia lililokanyagwa, haukatwi. Tundu la ukutani au kioo kilichovunjika hukatwa.

Toa notisi kwa maandishi, safisha hadi nyuma ya jiko, pitia ile orodha ya siku ya kwanza mkiwa wote, na upige picha za mita tena. Kama unahama nchi kabisa, usifunge akaunti yako ya benki ya pale mpaka dipoziti iingie, maana wenye nyumba wengi husuasua kutuma hela nje, na mwachie kwa maandishi anwani yako mpya.